Kinywaji gani kwa sikukuu? Mambo ya kuzingatia Nakivale na Mbarara

Krismasi na Mwaka Mpya zinapokaribia, maduka ya vinywaji mjini Mbarara hujaa wanunuzi, na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, ndizi za pombe huanza kuivishwa siku kadhaa kabla ya sherehe. Wengi huuliza ni kinywaji kipi kitamu na kinauzwa bei gani. Hata hivyo, yapo maswali mawili yanayopaswa kutangulia: kinywaji hicho kina nguvu kiasi gani, na kimetoka wapi?

Maswali hayo yana uzito wa pekee kwa kaya zenye kipato kidogo. Tangu mwaka 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) limekuwa likitoa msaada kwa wakimbizi nchini Uganda kwa viwango vinavyotofautiana kulingana na mahitaji ya kila kaya, kutokana na upungufu wa fedha. Pale ambapo fedha ni haba, kileo cha bei nafuu huvutia, na mara nyingi kileo hicho ndicho chenye hatari kubwa kuliko vingine vyote.

Majina mengi, ndizi ileile

Nakivale ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Leo hii wanaishi humo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na watu wa mataifa mengine, na kila jamii imekuja na desturi zake za mezani.

Pombe ya ndizi inadhihirisha jambo hilo. Wenyeji wa Ankole huiita tonto, Warundi huiita urwarwa, Wanyarwanda urwagwa, na wengi waliotoka Kivu huiita kasiksi. Njia za kuitengeneza zinafanana: ndizi huivishwa, hukamuliwa kwa msaada wa nyasi au majani, kisha maji ya ndizi huchanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, na kuachwa yachachuke kwa siku moja hadi tatu. Kwa kuwa uchachukaji hauishi hapo, pombe hiyo huzidi kuwa kali na hatimaye huchacha. Anayeiagiza kwa ajili ya sherehe hana budi kuhakikisha kuwa inakuwa tayari siku ileile ya kunywewa.

Muuzaji mwaminifu hachukizwi akiulizwa kuhusu maji aliyotumia. Maji yasiyochemshwa yanaweza kueneza homa ya matumbo na kipindupindu, na jerikani iliyowahi kuhifadhi mafuta au dawa za kilimo haifai kuwekewa kinywaji, hata ikioshwa mara nyingi.

Nguvu iliyomo ndani ya chupa

Asilimia iliyoandikwa kwenye lebo huonyesha kiasi cha alkoholi halisi kilichomo. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina mililita 25 za alkoholi. Chupa ndogo ya waragi ya mililita 200, inayotoshea mfukoni, huwa na nguvu ya asilimia 40. Maana yake ni kwamba imebeba mililita 80, sawa na bia tatu na zaidi. Chupa ya mvinyo ya mililita 750 yenye asilimia 12 ina mililita 90, na kwa kawaida hutosha kugawanywa kwa watu kadhaa.

Kwa hesabu hiyo, mtu anayeagiza chupa moja ndogo ya waragi kwa kudhani kuwa amekunywa kidogo kuliko mwenzake mwenye bia mbili, amejidanganya. Pombe za kienyeji hazina lebo, na nguvu yake hubadilika kutoka kwa mpishi mmoja hadi mwingine. Hivyo ni busara kuzinywa polepole.

Kula kabla ya kunywa hupunguza kasi ya alkoholi kuingia katika damu, na maji kati ya glasi moja na nyingine husaidia mwili usikaukiwe. Kahawa na maji baridi ya kuoga havimwondolei mtu ulevi. Ni muda pekee unaouondoa. Anayeendesha bodaboda au gari kurudi nyumbani usiku asiguse kileo kabisa. Wajawazito na watoto hawapaswi kupewa pombe ya aina yoyote, na sheria ya Uganda inakataza kumuuzia pombe mtu mwenye umri wa chini ya miaka 18. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisisitiza mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuhesabiwa kuwa salama kwa afya.

Sumu isiyo na rangi

Hatari kubwa zaidi imo katika pombe kali isiyojulikana ilikotoka. Mwaka 1965 Uganda ilitunga sheria iliyomtaka kila anayenereka enguli awe na leseni, lakini unerekaji wa majumbani haukukoma. Wapo wauzaji wanaoongeza methanoli, kemikali ya viwandani, ili kukikoleza kinywaji. Methanoli haina rangi, na mnywaji hawezi kuitambua kwa kuonja. Hata kuiwasha pombe na kuangalia rangi ya mwali si kipimo cha kuaminika.

Aprili 2010, katika wilaya ya Kabale, kusini magharibi mwa Mbarara, watu zaidi ya 80 walipoteza maisha katika muda wa wiki chache baada ya kunywa waragi iliyochanganywa na methanoli. Agosti 2022, watu zaidi ya 10 walifariki mjini Arua kutokana na kinywaji kikali kilichokuwa kimefungashwa chupani. Chupa yenye lebo nzuri, kwa hiyo, haitoshi kuwa uthibitisho.

Mnunuzi anaweza kuchukua tahadhari kadhaa. Kwanza, atazame iwapo kizibo hakijafunguliwa. Pili, atafute alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Uganda (UNBS). Tatu, akague stempu ya kodi ya kidijitali, ambayo huweza kuthibitishwa kwa simu kupitia programu ya Kakasa ya Mamlaka ya Mapato (URA). Pombe kali katika vifuko vya plastiki ilipigwa marufuku Uganda mwaka 2019, na kipimo cha chini kinachoruhusiwa ni mililita 200. Anayeuza vifuko hivyo leo anauza bidhaa iliyo nje ya sheria.

Wageni wasiokunywa

Waislamu wengi wa Nakivale, pamoja na Wakristo wa makanisa yanayokataza pombe, husherehekea bila kileo. Mwenyeji mwungwana huwaandalia kinywaji chenye hadhi sawa. Mbarara ni kitovu cha maziwa nchini Uganda, na maziwa mabichi yaliyochemshwa au mtindi hupatikana kwa urahisi. Eshande, yaani maji ya ndizi ambayo hayajachachuka, ni tamu na humfaa hata mtoto, ilimradi yawe yametayarishwa kwa usafi. Bushera ya mtama ikinywewa mapema huwa laini. Ikikaa siku nyingi hugeuka kuwa kileo, na mgeni anapaswa kuambiwa hivyo. Chai ya Kisomali yenye iliki na mdalasini hukamilisha meza.

Dalili zisizostahili kufichwa

Dalili za methanoli huweza kuchelewa kwa saa kadhaa, hata siku nzima, na kwa sababu hiyo hudhaniwa kuwa ni uchovu wa kawaida wa pombe. Kuona ukungu machoni, maumivu makali ya kichwa au tumbo, kutapika na kupumua kwa shida ni ishara za kumkimbiza mgonjwa katika kituo cha afya bila kusubiri kupambazuke. Sumu hiyo inaweza kupofusha au kuua, lakini matibabu yapo, na hufaa zaidi yakianza mapema.

Katika mkasa wa Kabale, baadhi ya wagonjwa walikataa kukiri kwamba walikuwa wamekunywa, na kusita huko kulichelewesha tiba. Woga wa namna hiyo unaeleweka katika jamii ambayo pombe ni aibu mbele ya kanisa, msikiti au wazazi. Hata hivyo, mgonjwa au anayemsindikiza humsaidia sana daktari akitaja alichokunywa, saa aliyokunywa na mahali kilikonunuliwa, na akija na chupa yenyewe ikiwa bado ipo. Taarifa hiyo huweza pia kuwaokoa wengine walionunua kutoka jerikani ileile.