Ndugu wawili wa SS, maumivu mbalimbali

Mzazi mwenye watoto wawili wa SS, yaani wenye ugonjwa wa seli mundu, analijua jambo ambalo somo la Mendel la shuleni halimwambii. Mmoja alianza kuvimba vidole vya mikono na miguu kabla hajatimiza mwaka, kila homa inamlaza hospitali, na amekwisha kuongezwa damu mara kadhaa. Mwingine anachechemea siku mbili tatu, kisha anarudi kwenye mpira. Baba mmoja, mama mmoja, chungu kimoja, chandarua kimoja, na karatasi ya maabara inasema SS kwa wote wawili. Majibu hayakosekani, Kasongo na Kabambare kama kwingineko Kongo: huyu amerogwa, yule SS yake ni ndogo. Lakini SS ndogo haipo. Tofauti ile, kwa sehemu isiyo ndogo, nayo ni urithi, ila ni urithi wa jeni nyingine: baadhi zimekaa jirani na jeni ya SS, baadhi ziko mbali nayo kabisa. Na ujirani huo ndio unaoamua nani anafanana na nani.

Kuhusu jeni yenyewe Mendel hakukosea. Mwaka 1949 James Neel wa Marekani alionyesha kwamba mgonjwa amepata jeni hiyo kwa wazazi wote wawili, na kwamba baba na mama wenye AS, yaani jeni moja ya S na moja ya kawaida, wazima wasiolalamika kitu, kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS. Katika nchi ya malaria AS ni kinga, ndiyo maana jeni hii imeenea. Kinshasa, kati ya watoto wachanga zaidi ya 31,000 waliopimwa na Dk. Léon Tshilolo na wenzake, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2009, asilimia 1.4 walikuwa SS na karibu 17 walikuwa AS. Hesabu ile ya moja kati ya nne ni ya Mendel tupu. Inapokwama ni pale unapouliza ugonjwa utakuwa mkali kiasi gani.

Mendel alifundisha pia kwamba sifa mbili hurithiwa kila moja kivyake. Mwaka 1905 Bateson, Saunders na Punnett, Waingereza, waliona maua yanayokaidi kanuni hiyo: rangi ya ua na umbo la chavua vilifuatana mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Thomas Hunt Morgan, kwa nzi wa matunda, alieleza sababu. Jeni zimepangwa kwenye kromosomu, na zilizo kwenye kromosomu moja husafiri pamoja, isipokuwa pale kromosomu mbili za mzazi mmoja zinapobadilishana vipande wakati wa kutengeneza yai au mbegu. Kadiri jeni mbili zinavyokaribiana, ndivyo mkato wa kubadilishana vipande unavyokuwa nadra kupita katikati yao. Mwaka 1913 mwanafunzi wake Alfred Sturtevant aliitumia idadi ya mikato hiyo kuchora ramani ya kwanza ya jeni.

Sasa tazama kromosomu ya 11, yenye herufi za DNA kama milioni 135. Jeni inayoharibika kwa SS iko pale, na makumi machache tu ya maelfu ya herufi kutoka kwake ziko jeni za hemoglobini ya mimba, ile ya damu ya mtoto akiwa tumboni. Hemoglobini hiyo huzuia chembe nyekundu zisipinde kama mundu. Ndiyo sababu mtoto wa SS huzaliwa mzima, na vidole huanza kuvimba miezi kadhaa baadaye, hemoglobini ya mimba inapopungua. Wapo watu ambao kwao haipungui sana, nao huugua kidogo. Mashariki ya Saudia jeni ya SS imekaa na jirani ambaye hubaki macho: herufi moja iliyobadilika mbele ya jeni ya hemoglobini ya mimba huifanya iendelee kufanya kazi hata ukubwani. Kwenye kromosomu ambayo wanasayansi wameiita ya Kibantu, iliyoenea Kongo na Afrika Mashariki, herufi hiyo haimo. Kwa hiyo SS ya Kongo kwa kawaida ni kali kuliko ya Saudia, ingawa kosa ni lile lile.

Oman inaonyesha jambo hili vizuri zaidi, na kwa msomaji wa Kasongo si nchi ya mbali. Njia ya misafara iliyopita Kabambare, Ujiji na Tabora hadi Zanzibar iliendelea kwa bahari hadi Maskati, na Tippu Tip mwenyewe, aliyeweka makao Kasongo, alikuwa wa ukoo wa Murjebi wenye asili ya Oman. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta kwamba karibu moja ya tano ya kromosomu za SS za Oman ni za Kibantu. Hakuna anayeweza kusema ipi ilitoka Maniema na ipi pwani ya Mrima. Lakini jeni na majirani zake walivuka bahari wakiwa wameshikana, na mkato wa vizazi vichache haukuwatenganisha.

Kuna pingamizi. Zamani ilidhaniwa kwamba aina hizi, ya Kibantu, ya Benin, ya Senegali na nyinginezo, ni ushahidi kwamba kosa la SS lilizuka mara kadhaa mahali mbalimbali. Mwaka 2018 Daniel Shriner na Charles Rotimi walisoma upya kromosomu hizo na kufikia uamuzi kwamba lilizuka mara moja tu, miaka kama 7,300 iliyopita. Naona hilo linaitia nguvu hoja hii: kama mwanzo ni mmoja, tofauti za majirani zimeletwa baadaye, kwa mabadiliko mapya na kwa mikato ile ile adimu.

Turudi kwa wale ndugu. Mwepesi atasema basi mmoja ana majirani wazuri na mwingine wabaya. Haiwezekani. Baba mwenye AS ana kromosomu moja tu yenye S, na watoto wote wawili wameipokea hiyo hiyo. Kwa mama ni vilevile. Majirani wa karibu ni wale wale kwa wote wawili, ila pakitokea mkato wa nadra. Ujirani unaotofautisha Kasongo na Saudia hauwezi kutofautisha ndugu wa tumbo moja. Tofauti yao itafutwe mbali: jeni iitwayo BCL11A kwenye kromosomu ya 2, ambayo ndiyo huizima hemoglobini ya mimba, sehemu nyingine kwenye kromosomu ya 6, na jeni za hemoglobini alfa kwenye ya 16. Hizo hazijafungamana na S, kila mtoto anazipata kwa bahati yake, na hapo Mendel anarudi kuwa mwenye haki.

Atakayesema kwamba malaria, maji machafu na kukosa chanjo vinatosha kueleza yote ana sehemu ya ukweli, na kwa mtoto mmoja mmoja huenda ndivyo ilivyo. Lakini kiwango cha hemoglobini ya mimba hupimwa maabara, na mwenye nacho kikubwa huumwa mara chache zaidi. Atakayeuliza elimu hii ina faida gani mahali pasipo na mashine ya kusoma jeni, jibu ni dawa. Hidroksiurea hupandisha hemoglobini ya mimba bila kujali mtoto alirithi nini, na jaribio lililofanyika Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale, likatangazwa mwishoni mwa 2018, lilionyesha kwamba maumivu, malaria, kuongezwa damu na vifo vilipungua. Lakini kwanza mtoto ajulikane kuwa ni SS. Tesiti ya Emmel, tone la damu lililofunikwa kwa kioo na kuangaliwa kwa darubini, haitenganishi AS na SS. Mzazi aombe kipimo cha elektroforezi, kinachozitenganisha. Na mtoto anayecheza mpira asisahauliwe: mwongozo wa Marekani wa mwaka 2014 unataka kila mtoto wa SS apewe nafasi ya kutumia hidroksiurea tangu miezi tisa, awe anaumwa sana au kidogo.