KWA NINI KIDONGE CHA MTOTO KIMEBADILIKA JINA?



Baadhi yenu mna jamaa waliohamia Marekani. Huko mtoto asiyetulia wala kuzingatia masomo anaweza kuandikiwa dawa na daktari. Halafu siku moja duka la dawa linampa mama kidonge chenye jina na rangi nyingine, kwa bei nafuu. Je, amedanganywa?

Hapana. Dawa huwa na majina mawili. Zahanati hutoa paracetamol, dukani mnanunua Panadol, na dawa ni ile ile. Jina la kwanza ni la dawa yenyewe, la pili ni la kiwanda.

Kiwanda kilichovumbua dawa hupewa hataza, yaani haki ya kuitengeneza peke yake. Hudumu kwa kawaida miaka 20, lakini huanza kuhesabiwa siku ya kuiomba, na majaribio hula miaka mingi kabla dawa haijauzwa. Hataza ikiisha, viwanda vingine huingia, vinashindana, na bei inashuka. Strattera iliruhusiwa Marekani mwaka 2002. Dawa za viwanda vingine, kwa jina la atomoxetine, ziliruhusiwa 2017. Vyvanse iliruhusiwa 2007, na lisdexamfetamine ya viwanda vingine ikafuata Agosti 2023. Ritalin ni ya zamani zaidi, imekuwapo tangu miaka ya 1950. Jina la dawa yenyewe ni methylphenidate.

Kiwanda kipya lazima kithibitishe kwamba dawa yake huingia mwilini kwa kiasi na kasi ile ile. Mara chache mambo huenda kombo. Concerta ni methylphenidate inayotoka polepole kutwa nzima. Mwezi Novemba 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba dawa za viwanda viwili, zilizouzwa badala yake, huenda hazitoki inavyotakiwa. Kwa hiyo mama akiona mtoto ametulia asubuhi lakini mchana dawa imekwisha nguvu, asinyamaze. Aandike jina la kiwanda lililo kwenye chupa, amwonyeshe daktari.

Hatari kubwa zaidi iko nyumbani. Chupa ya zamani haijaisha, mpya imekuja, na mama anampa mtoto zote mbili akidhani ni dawa mbili tofauti. Moyo utakwenda mbio, na usingizi na hamu ya kula vitapotea. Waambieni jamaa zenu walinganishe jina la dawa yenyewe na idadi ya miligramu, wasiangalie rangi. Wakiwa na shaka wamuulize mfamasia kabla mtoto hajameza.

Tena wasiwatumie dawa hizi kwa posta. Methylphenidate na lisdexamfetamine zinadhibitiwa na sheria, na kuzituma hivyo ni kosa. Hata hivyo si kila mtoto asiyetulia anazihitaji: wengine wana njaa, wengine hawasikii vizuri, wengine hawalali kwa yale waliyoyaona njiani. Mleteni zahanati achunguzwe kwanza.

Mwenye karatasi ya dawa kutoka kwa jamaa aje nayo, mhudumu atamsomea majina.