"Jambo Bwana" Si Adui wa Kiswahili

Upo wimbo ambao walimu wa Kiswahili tumezoea kuukunjia uso. Ni "Jambo Bwana", uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison na kutolewa na bendi ya Them Mushrooms mwaka 1982. Majuzi niliusikiliza upya hapa Mwabungo, kwa sikio la mwalimu na la shabiki wa tangu utotoni.

Vijana hao walikuwa wakiwatumbuiza watalii katika hoteli za pwani yetu. Santuri yao iliuzwa zaidi ya nakala 200,000 kati ya 1982 na 1987. Hata Boney M. waliurekodi wimbo huo kwa namna yao, mwaka 1983.

Makosa yake yanajulikana. "Jambo" limesimama pweke, na habari inajibiwa "mzuri" ilhali ngeli yadai "nzuri". Lakini hebu tutazame kwa makini. "Hujambo" ni kusema huna jambo, yaani hukufikwa na zito. Salamu yenyewe, basi, yauliza iwapo hakuna matata! Mtalii alipopunguziwa kiambishi cha ukanushi, alibakishiwa jambo tupu; wimbo ukamrudishia ukanushi ule kwa maneno mengine. Aidha, mpangilio wake ni wa adabu zetu: salamu, kujuliana hali, jibu, kisha makaribisho. Je, hilo si somo?

Kosa si la watunzi. Ni letu sisi tulioucheka wimbo badala ya kuufundisha. Hoteli za Diani si mbali na kijiji hiki, na vijana wetu wengi huko ndiko watafutako riziki. Kijana akienda na "jambo" peke yake mdomoni, atauza lugha asiyoijua thamani. Wenzetu wameijua: baada ya filamu ya The Lion King ya 1994, kampuni ya Disney ilisajili "hakuna matata" kuwa alama yake ya biashara nchini Marekani mwaka 2003. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Walimu wenzangu, tuuingize wimbo huu darasani. Mwanafunzi aseme "jambo" limepungukiwa na nini, arekebishe ngeli, kisha alitaje jina la mtunzi. Akiyaweza hayo matatu, na aimbe apendavyo.