Jokate Mwegelo: Kutoka filamu za Kibongo hadi biashara ya Kidoti

UMAARUFU wa waigizaji wa filamu nchini Tanzania kwa muda mrefu umekwenda mbio kuliko kipato chao. Safari ya Jokate Mwegelo inaonyesha chanzo cha hali hiyo, na njia mojawapo ya kuikabili.

Jokate alianza kujulikana mwaka 2006, aliposhika nafasi ya tatu katika shindano la Miss Tanzania, ambalo taji lake lilitwaliwa na Wema Sepetu. Mwaka uliofuata alionekana katika filamu ya Fake Pastors. Baadaye alicheza Chumo, filamu iliyobeba ujumbe kuhusu malaria kwa wajawazito.

Katika miaka hiyo, filamu za Kibongo ziliuzwa zaidi kwa DVD. Kwa kawaida mtayarishaji aliiuza kazi nzima kwa msambazaji kwa malipo ya mara moja, na mwigizaji alikuwa amekwishapokea ujira wake. Zikiuzwa nakala 100 au 100,000, mfuko wake haukubadilika.

Wezi wa kazi za sanaa nao walivuna wasipopanda. Stempu za kodi zilizoanzishwa kwa bidhaa za filamu na muziki mwaka 2013 zililenga nakala haramu. Hazikugusa mkataba wa mwigizaji na mtayarishaji.

Kilichobaki mikononi mwa mwigizaji ni jina. Jokate alilifanyia kazi hilo kwa kuanzisha Kidoti, nembo iliyouza nywele za bandia, ndala, nguo na mabegi ya shule. Mwaka 2013 aliingia ubia na kampuni ya Rainbow Shell Craft ya China, na mwaka 2017 jarida la Forbes Africa likamweka miongoni mwa vijana 30 wenye umri chini ya miaka 30.

Tofauti ya mali hizo mbili imo pia katika sheria. Tanzania Bara, alama ya biashara iliyosajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (Brela) hulindwa kwa miaka 7 ya mwanzo, kisha mwenyewe anaweza kuihuisha kila baada ya miaka 10. Filamu iliyouzwa moja kwa moja hairudi kwa aliyeicheza.

Hata hivyo, biashara ya namna hiyo ina hatari yake: jina likichafuka, bidhaa nazo hudoda dukani.

Julai 2018 Jokate aliteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe, ambako aliongoza kampeni ya Tokomeza Zero ya kuinua ufaulu shuleni. Mwaka 2021 alihamishiwa Temeke.

Si kila mwigizaji atapata mbia kutoka China au uteuzi serikalini. Lakini kila mmoja, kabla ya kusimama mbele ya kamera, anaweza kuuliza ni haki zipi anaziuza na zipi zitabaki kuwa zake.