Kimelea, kupe na mnyonyaji: maneno matatu, matumizi matatu

Anayetafsiri makala za elimu ya viumbe hukutana mapema na maneno matatu yanayoelekea kufanana: kimelea, kupe na mnyonyaji. Yote humtaja kiumbe anayeishi kwa kumtegemea mwingine, lakini hayawezi kuchukuliana nafasi. Habari moja ya kweli yatosha kuonyesha tofauti yake.

Mwaka 1987, katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyeijua vyema mimea ya msitu ule, walimfuatilia sokwemtu jike aitwaye Chausiku. Alikuwa mgonjwa na mlegevu. Alivunja vichipukizi vya mmea ambao wanasayansi huuita Vernonia amygdalina, akaambua gamba na majani, akatafuna sehemu laini ya ndani na kufyonza maji yake machungu. Kalunde aliutambua mmea huo: kwa Kitongwe ni mjonso, nao Watongwe huutumia kama dawa ya maradhi ya tumbo. Siku iliyofuata Chausiku alikuwa amepata nafuu. Utafiti wa baadaye uliihusisha tabia hiyo na minyoo ya utumbo.

Je, minyoo hiyo iingizwe katika kundi gani? Jibu ni vimelea. Neno hili limetokana na kitenzi -mea, kwa kupitia kauli ya kutendea, -melea. Sauti /l/ isiyosikika katika -mea hujitokeza katika kauli hiyo, kama ilivyo katika -twaa na -twalia, au -zaa na -zalia. Kumelea ni kumea juu ya kitu. Picha iliyomo ndani ya neno, basi, ni ya mmea uliojishikiza kwenye mti na kula chakula chake. Katika sayansi, maana imepanuka: kimelea ni kiumbe chochote kinachoishi juu ya kingine au ndani yake, kikapata riziki humo na kukidhuru. Minyoo, chawa, kupe na vijiumbe vya malaria, vyote ni vimelea.

Kupe ni aina mojawapo tu. Kila kupe ni kimelea, lakini si kila kimelea ni kupe. Kwa sitiari, kupe ni mtu anayekula jasho la wenzake, na hapo ndipo anapokaribiana na mnyonyaji. Hili la mwisho limetokana na -nyonya, nalo lilienea sana katika siasa za Tanzania baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, likimtaja anayenufaika kwa kazi ya wengine. Kwa hiyo, kuandika kwamba Chausiku alisumbuliwa na "wanyonyaji" ni kuileta hotuba ya jukwaani katika maabara. Isitoshe, sokwemtu ni mamalia, yaani mnyama anyonyeshaye. Mnyonyaji na mnyonyeshaji wakikutana katika aya moja, msomaji atapotea.

Kiumbe kinachobeba vimelea huitwa mwenyeji. Istilahi hii inafaa, ingawa kimelea ni mgeni wa namna ya pekee. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hupitisha msimu mzima bila kulishika.

Lipo kosa lenye madhara zaidi. Katika matumizi ya kawaida, "vimelea vya magonjwa" hujumuisha hata bakteria na virusi. Katika mazungumzo haidhuru. Lakini tangazo la afya likisema kwamba dawa fulani "huua vimelea", ilhali matini chanzi yalitaja minyoo peke yake, mgonjwa wa homa ya matumbo aweza kuimeza na kukaa nyumbani akingojea kupona. Panapozungumzwa tiba, mfasiri ataje minyoo, bakteria au virusi kwa jina. Akihitaji neno la jumla, atumie viini vya maradhi.

Suala la mwisho ni upatanisho wa kisarufi. Kipepeo na kiboko, ingawa huanza kwa ki-, huchukua viambishi vya viumbe hai: kipepeo anaruka, kiboko anaogelea. Kimelea, kinyume chake, kwa kawaida hubaki katika ngeli ya KI-VI: kimelea kimeingia, vimelea vinaenezwa. Sababu yaweza kuelezwa hivi: neno hilo halimtaji mnyama maalumu, bali namna ya kuishi, na mimea nayo imo. Mnyama akitajwa kwa jina, upatanisho hubadilika: kupe amemng'ata ng'ombe, chawa wamemwingia mtoto.

Kwa hiyo sentensi sahihi ni hii: "Vimelea vilivyokuwa tumboni mwa Chausiku vilimdhoofisha." Ukiweka wanyonyaji, utakuwa umezungumzia siasa, ukiweka kupe, utakuwa umevitoa tumboni na kuviweka juu ya ngozi.