Zakayo akishashuka mtini, kazi ndipo inaanza

Juni 2024 vijana wetu walijaa barabarani wakipinga Mswada wa Fedha, na kilio chao walikichota katika Injili: Zakayo ashuke! Hata asiyekanyaga kanisani alijua ni nani anayeambiwa. Juni 25 Bunge likavamiwa na damu ikamwagika. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada ule.

Lakini tusome Luka sura ya 19 hadi mwisho wa kisa. Kushuka mtini hakukumrudishia Zakayo imani ya watu wa Yeriko. Umati ulinung'unika, na ulikuwa na sababu, kwani mkuu huyu wa watoza ushuru alikuwa tajiri katika kazi iliyowakamua. Zakayo hakuwaomba wamwamini. Alisimama akataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na yeyote aliyemdhulumu kurudishiwa mara nne. Imani iliyovunjika haiombwi kwa maneno matamu. Aliyeivunja huijenga upya kwa kurejesha.

Sisi Wakenya tunalijua hilo kwa uchungu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Januari 1, 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, waliteketezwa humo. Februari 28, kwa upatanishi wa Kofi Annan, viongozi walitia sahihi mkataba wakagawana serikali. Tunamshukuru Mungu kwamba mapanga yaliwekwa chini. Hata hivyo, wakubwa kupeana mikono hakukumhakikishia mama aliyechomewa nyumba kwamba jirani yake hatarudi na kiberiti. Ndiyo maana hadi leo, uchaguzi ukikaribia, zipo familia zinazofunga virago mapema na kurudi mashambani kwao.

Kanisa nalo halisimami pembeni. Novemba 2024 maaskofu wetu Wakatoliki walikemea utamaduni wa uongo katika uongozi wa nchi. Siku chache baadaye, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza fedha ambazo Rais alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto, Kahawa, zirudishwe. Waumini waligawanyika juu ya jambo hilo. Mimi naliona hivi: sauti inayokemea huaminika pale mkono nao unapokuwa tayari kurudisha.

Najua utaniuliza, "Padre, mbona tuanze sisi wadogo na wakubwa wanaendelea kula?" Wakubwa tusiwaachilie, tuwadai hesabu bila kuchoka. Ila tuwadai tukiwa na daftari letu wazi. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo, mweka hazina asome kila shilingi mbele ya wote. Baraza la parokia lichaguliwe bila kuhesabu makabila. Ukipokea kwenye simu ujumbe unaolichafua kabila la jirani yako, usiusambaze. Mpigie umuulize. Deni la chama lilipwe siku iliyoahidiwa. Haya ni madogo, lakini mtu akishindwa kuniaminisha kwa shilingi mia, atawezaje kuniomba nimwamini na kura yangu?

Na kuna jambo moja ambalo umati wa Yeriko haukuliona. Yesu alijialika nyumbani kwa Zakayo kabla huyu hajarudisha hata senti moja. Aliyekosa ana wajibu wa kurejesha, naye aliyekosewa anaombwa asiufunge mlango kwa komeo. Hii haimaanishi kusahau wala kufuta kesi mahakamani. Inamaanisha kumwachia mwenzako nafasi ya kuthibitisha kwamba amebadilika.

Kiswahili chetu kimeyaweka imani, amani na amana katika ukoo mmoja. Jirani wa kabila lingine na chama kingine ni amana uliyowekewa na Mungu. Wiki hii, bisha hodi kwake.