Kwa Nini Mtoto wa Farasi Hodari Si Lazima Awe Hodari?

Watoto, wengi wenu mnafuga farasi wa mbio kwenye michezo ya mtandaoni. Mnampandisha jike hodari kwa dume hodari, kisha mtoto anazaliwa wa kawaida tu. Kwa nini?

Kila mzazi humpa mtoto nusu ya jeni zake, na nusu ipi ni bahati. Tuchukue jeni moja ya misuli, iliyoelezwa na watafiti wa Dublin mwaka 2010. Ina sura mbili: C na T. Kwa kawaida farasi wa CC hung'ara katika mbio fupi, wa TT katika mbio ndefu, na wa CT katika mbio za kati. Baba na mama wote wakiwa CT, kwa wastani kati ya watoto wanne mmoja ni CC, wawili CT, mmoja TT. Chora visanduku vinne uhakikishe.

Lakini usipandishe ndugu kwa ndugu ili ufike haraka. Kasoro iliyojificha kwa baba hukutana na ileile ya mama, na mtoto huweza kuzaliwa dhaifu. Ndiyo maana wafugaji husoma nasaba kwanza. Kwa mfano, Darley Arabian aliletwa Uingereza kutoka Aleppo, Syria, mwaka 1704. Mtoto wake ni Bartlett's Childers, mjukuu Squirt, kitukuu Marske, na kilembwe ni Eclipse, aliyezaliwa 1764 na kushinda mbio zake zote 18.

Wiki hii andika nasaba ya farasi wako hadi kilembwe. Wazazi, wasaidieni: maneno hayo ndiyo ya ukoo wenu pia.